Kaa wa Rufiji na Mvua ya Manyoni

Mvua inyeshayo katika mkoa wa Singida ina njia kuu mbili za kuondokea, nazo hazikutani kamwe. Ile iangukayo upande wa kaskazini, katika nchi ya Iramba na Mkalama na katika miteremko inayoelekea mbuga ya Wembere, hujikusanya katika ziwa Kitangiri, ikapita katika mto Sibiti, ikaishia katika magadi ya ziwa Eyasi bila ya kuionja bahari. Na ile iangukayo upande wa kusini, katika miombo na vichaka vya Manyoni, huingia katika mto Kisigo, ambao kwa miezi mingi ya mwaka huwa ni mchanga mtupu, kisha hufurika kwa ghafula, ukayamwaga maji yake katika bwawa la Mtera, na kutoka hapo yakafuatana na Ruaha Mkuu hadi Kidatu, hadi bwawa la Julius Nyerere, hadi mikoko ya delta ya Rufiji, ambako maji hayo ya bara hukutana na chumvi ya Bahari ya Hindi.

Nia yangu leo ni kuzungumza habari za kiumbe mmoja akaaye mwisho wa njia hii ya pili, naye ni mtoto wa kaa, aliye mdogo kiasi cha kutoonekana vizuri ila kwa hadubini. Najua kwamba msomaji wa Singida, ambaye hoja zake za kila siku ni bei ya alizeti na vitunguu na mvua isiyotabirika, ana haki ya kuniuliza kaa wamemhusu nini. Jibu langu, kwa muhtasari, ni hili: sisi watu wa bara, pamoja na serikali yetu na bodi zake za maji, tumezoea kuupima mto kwa wingi wa maji yake, yaani kwa mita za ujazo na kwa megawati, ilhali viumbe wanaoishi katika mto huo na mlango wake huupima kwa dalili, yaani kwa msimu wa kufika kwake, kwa kiasi cha chumvi unachokipunguza katika bahari, na kwa harufu ya nchi uliyoipitia, na yeyote azivurugaye dalili hizo, hata asipoiba tone moja la maji, ameufanya mto kuwa mto mwingine.

Maisha ya kaa ni ya ajabu kwa asiyeyajua. Kaa wa matope, ambaye wataalamu humwita Scylla serrata na ambaye ndiye kaa mkubwa wa mikoko yetu kutoka Tanga hadi Mtwara, hubeba mayai yake chini ya tumbo, na jike mmoja aweza kubeba mayai yapitayo milioni moja kwa mara moja. Na wakati wa kuangua ukikaribia, huiacha mikoko na kushuka kwenye bahari iliyo wazi, kwa sababu watoto wake hawayastahimili maji matamu kama ayastahimilivyo yeye. Mtoto anayetoka katika yai hafanani na kaa hata kidogo: ana miiba mirefu, ana mkia, huelea na kuchukuliwa na mikondo, na jina lake ni zoea. Hujivua gamba mara kadhaa, akapita hatua tano za uzoea, kisha akawa megalopa, kiumbe mwenye macho makubwa na magando, ambaye bado ana mkia wa kuogelea lakini sasa ana miguu ya kutembea pia. Na megalopa huyo akijivua gamba mara moja zaidi, mkia hukunjwa chini ya tumbo, na hapo ndipo anapokuwa kaa. Safari yote hii, kutoka yai hadi kaa mdogo, huchukua takriban wiki tatu hadi nne katika maji yenye joto.

Tofauti ya sura hizi ilikuwa kubwa hata wanazuoni wa Ulaya, kwa miaka mingi, waliamini kwamba zoea na megalopa ni wanyama wa jinsi nyingine kabisa, wakawapa majina yao na nafasi zao katika vitabu, mpaka John Vaughan Thompson, mganga wa jeshi aliyekaa bandari ya Cork nchini Ireland, alipoonyesha, kuanzia mwaka 1828, kwamba hao ni watoto wa kaa. Naikumbusha habari hii kwa sababu ina funzo linalohusu hoja yangu: kiumbe tusichokijua sura yake ya utotoni hatuwezi kukilinda katika utoto wake, na kwa kaa utoto ndio mahali penye hatari nyingi, kwani katika mamilioni ya mayai wanaofikia ukubwa ni wachache mno.

Sasa tufike katika kiini cha jambo. Megalopa anayerudishwa pwani na mikondo ana uamuzi mmoja tu wa kufanya katika maisha yake, nao hauna marejeo: akishajigeuza kuwa kaa hawezi tena kurudi kuwa megalopa. Akigeuka katika maji ya kina yasiyo na matope wala majani, huenda akaliwa au akafa njaa. Na akichelewa mno, akiba yake ya nguvu hupungua, na mwishowe mwili hujigeuza wenyewe, mahali pawe pazuri au pabaya. Kwa hiyo hubisha hodi, kama mgeni mstaarabu wa pwani asiyeingia nyumba ya watu kabla ya kusikia karibu, na hiyo karibu husemwa na maji yenyewe.

Husemwaje? Wataalamu wa maabara ya bahari ya chuo kikuu cha Duke, huko Beaufort katika jimbo la North Carolina, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, walitumia miaka mingi kulichunguza swali hili kwa kaa wa buluu wa Marekani na kwa kaa wengine wadogo wa vinamasi vya chumvi, na mwaka 2001 Richard Forward, Richard Tankersley na Dan Rittschof wakaandika muhtasari wa yaliyojulikana mpaka wakati huo. Walieleza kwamba megalopa wa kaa wa buluu akitiwa katika maji ya mlango wa mto hugeuka mapema kuliko yule aliyewekwa katika maji ya bahari kuu, na kwamba miongoni mwa vitu vinavyomhimiza ni asidi za humiki, ambazo ni masazo ya majani na miti iliyooza nchi kavu na kuchukuliwa na mito. Mimea ya majini nayo humhimiza, na nyasi bahari ni mojawapo. Kwa jamii nyingine za kaa dalili iliyo na nguvu zaidi ni harufu ya kaa wakubwa wa kabila lao, au utando wa vijidudu uliotanda juu ya mawe na matope ya makazi yao, kwa kuwa hakuna ushahidi wa kutosha zaidi wa kwamba mahali panakalika kuliko kukuta wenzako wamekwisha kupakalia.

Kadhalika zipo dalili za kukataza. Maji yaliyopungukiwa na hewa ya oksijeni humchelewesha megalopa, na maji yenye amonia nyingi humchelewesha pia, na halijoto au chumvi iliyovuka mipaka yake hufanya vivyo hivyo. Na ni dhahiri kwa kila mkulima kwamba amonia na upungufu wa hewa ndiyo matokeo ya mbolea na kinyesi na taka zikiingizwa mtoni bila kiasi. Hata sauti ina sehemu yake: mwaka 2010 Jenni Stanley, Craig Radford na Andrew Jeffs wa New Zealand walitangaza kwamba megalopa waliosikilizishwa mlio wa miamba ya bahari, ule mchanganyiko wa kamba wanaolia na samaki wanaotafuna, waligeuka kuwa kaa mapema kuliko wale waliowekwa katika kimya.

Na kabla ya kufika kwenye uamuzi huo kuna ufundi wa safari, ambao nauhesabu katika mambo yaliyonistaajabisha zaidi. Megalopa wa kaa wa buluu hawezi kushindana na mkondo wa mto, kwa hiyo hungoja maji yajae: chumvi inapoanza kuongezeka katika maji yaliyomzunguka, ikimjulisha kwamba bahari inaingia, huinuka na kuchukuliwa kuelekea bara, na maji yanapopwa hushuka chini akajishikiza asirudishwe, tena hufanya hayo usiku, kwa kuwa maji ya mlango wa mto humfanya auchukie mwanga. Hivyo huupanda mto kwa vituo, usiku baada ya usiku, akiongozwa na kupanda na kushuka kwa chumvi, jambo ambalo wavuvi wa pwani hulifanya kwa ngalawa zao wakingojea bamvua, na ambalo yeye hulifanya bila ya kufundishwa na mtu.

Insafu yanitaka niseme kwamba si kaa wote wanaozisoma dalili zilezile. Kwa kaa wetu wa matope, wataalamu wa Australia, James Webley na Rod Connolly pamoja na mwenzao, waliwapa megalopa hiari ya kuchagua baina ya nyasi bahari, matope na mchanga, na megalopa hawakuonyesha upendeleo wowote. Lakini walipokwisha kugeuka kaa wadogo, hao wadogo walikwenda kwa wingi kwenye nyasi bahari. Maana yake yaelekea kuwa kaa wa matope hufanya uchaguzi wake baadaye kidogo, kwa miguu yake, badala ya kuufanya akiwa anaogelea. Na huko Inhaca, kisiwa cha Msumbiji, José Paula na wenzake waliwachunguza megalopa waingiao katika mikoko, wakaona kwamba kutua kwao hakukuwa sawa kila mahali, bali kulitofautiana kwa ukanda na ukanda wa msitu. Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote katika Afrika Mashariki, wenye michu na mikandaa na mililana pamoja na mikoko yenyewe, na tangu mwaka 2004 umo, pamoja na Mafia na Kilwa, katika orodha ya ardhioevu za Ramsar zenye thamani kwa dunia nzima. Msitu kama huo wastahili kuchunguzwa kwa namna yake wenyewe, kwa viumbe wake wenyewe, na si kwa kukisia kutoka North Carolina.

Mtu wa Singida asidhani kwamba kanuni hii ya dalili ni ya pwani peke yake. Katika madimbwi ya msimu ya Tanzania ya kati, ambayo hujaa wakati wa mvua na kukauka kabisa ifikapo kiangazi, wamo visamaki vya jamii ya Nothobranchius, vyenye rangi nzuri ajabu, ambavyo huzaliwa, hukua, hutaga na kufa katika miezi michache ya maji. Na mayai yao hubaki katika udongo uliopasuka, yakingoja msimu ujao. Wamo pia viumbe wadogo wa maji wa ukoo mmoja na kamba na kaa, ambao mayai yao hustahimili ukavu vivyo hivyo. Lililo la hekima katika habari zao ni kwamba si mayai yote yanayoanguliwa kwa mvua ya kwanza: mengine huanguliwa, na mengine husubiri, kwa sababu mvua ya kwanza katika nchi hii kavu aghalabu ni mvua ya uongo, inayonyesha siku mbili ikakatika wiki tatu, na kizazi ambacho kingeiamini chote kwa pamoja kingeangamia chote kwa pamoja. Mkulima wa mtama wa Ikungi, ambaye hapandi mbegu yake yote kwa wingu la kwanza, anaijua hesabu hiyo bila ya kufundishwa na mwalimu.

Kwa hiyo swali linalotupasa kuliuliza juu ya mito yetu ni hili: je, tunaifanya iseme uongo? Bwawa kubwa la umeme, kwa maumbile yake, hufanya mambo matatu kwa mto ulio chini yake. Kwanza, hupunguza kilele cha mafuriko ya masika na kuongeza maji ya kiangazi, kwa kuwa mitambo hutaka maji ya kutosha mwaka mzima; pili, huzuia mchanga na tope lililokuwa likishuka kujenga delta; na tatu, huyaweka maji kwa muda mrefu katika utulivu, ambamo halijoto yake na hewa yake na vitu vilivyoyeyuka ndani yake hubadilika. Mtu atazamaye jumla ya maji ya mwaka aweza kusema kwamba hakuna kilichopotea, na kwa hesabu yake asiwe mwongo. Lakini kiumbe aliyezoea kwamba chumvi ya mlangoni hupungua mwezi fulani na kuzidi mwezi fulani, na kwamba maji ya masika huja na harufu ya majani yaliyooza ya bonde zima, huona mto mwingine kabisa, unaopungua asipotarajia na kuzidi asipotarajia. Na si kaa peke yao: wakulima wa Rufiji, ambao kwa vizazi vingi wamepanda mazao ya mlau katika udongo unaoachwa na mafuriko yanapokauka, nao walikuwa wakiusoma mto kwa msimu wake, wakajenga maisha yao juu ya usomaji huo.

Mabwawa hayo si nadharia. Kidatu, lenye uwezo wa megawati 204, limezalisha umeme tangu mwaka 1975. Mtera, lililojengwa mahali Kisigo na Ruaha Mkuu vinapokutana, lilifuata kama ghala lake la maji, kisha likapewa mitambo yake ya megawati 80. Na bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na jumla ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Mwezi Aprili wa mwaka huohuo wakazi wa Rufiji na Kibiti walipatwa na mafuriko makubwa, yaliyoharibu nyumba na mashamba, na mjadala ukazuka nchini kuhusu sehemu ya mvua na sehemu ya bwawa katika msiba ule. Sitaki kuurudia mjadala huo. Nataka tu kusema kwamba, nionavyo, ulihusu zaidi wingi wa maji, na sikumsikia aliyeuliza habari za msimu wake wala chumvi yake, kana kwamba mto una adabu moja tu ya kukosea, nayo ni kuzidi.

Watakuwapo watakaonijibu, na majibu yao nayaheshimu. Wa kwanza atasema kwamba nchi inahitaji umeme, na kwamba kumweka kiluwiluwi wa kaa mbele ya taa ya mwanafunzi ni upuuzi. Namkubalia nusu ya kwanza bila ya shaka. Njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga inapita katika mkoa wetu wa Singida, na sina nia ya kuwaambia watu wa Kiomboi au Manyoni warudi kwenye vibatari. Lakini siombi bwawa livunjwe. Naomba liendeshwe kwa kalenda inayoujua mlango wa mto. Bwawa ni lango, na lango lina mtu anayelifungua na kulifunga. Mtu huyo akipewa, pamoja na jedwali la mahitaji ya umeme, jedwali la misimu ya delta, aweza mara nyingi kuyatimiza yote mawili kwa gharama ndogo, na pale yanapogongana, angalau tujue tumechagua nini na tumemnyima nani.

Wa pili atasema kwamba mchango wetu ni mdogo mno. Huyu ana takwimu mkononi, kwa sababu katika maji ya Rufiji zaidi ya nusu hutoka mto Kilombero, na Ruaha Mkuu pamoja na matawi yake yote, Kisigo ikiwa ni tawi moja tu, huchangia kiasi cha asilimia 15 hivi. Ni kweli, na mti mmoja ukatwao Manyoni kwa ajili ya mkaa hautamwua kaa yeyote wa Nyamisati, kule delta. Lakini hoja hii ingekuwa na nguvu kama kila wilaya ya bonde isingeweza kuisema kwa haki ileile. Usangu itasema, na Kilosa itasema, na kila mmoja atakuwa mkweli kwa sehemu yake, na mto utaharibika kwa ukweli wa wote. Zaidi ya hayo, Kisigo si bomba la maji tu. Hushusha tope na majani ya nchi pana ya misitu, na nchi hiyo sasa inabadilika kwa haraka: vichaka vinafyekwa, mifugo inaongezeka, na mkorosho, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mti wa pwani, umepandwa kwa mashamba makubwa katika Manyoni. Sina neno baya juu ya mkorosho wala juu ya mfugaji. Nasema tu kwamba anayeyabadili majani ya nchi anabadili pia maji yatokayo katika nchi hiyo, na kwamba hayo maji yana msomaji huko chini.

Sheria zetu, kwa bahati njema, hazikusahau jambo hili, zimelisema nusu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliyaweka mahitaji ya lazima ya binadamu mbele ya yote, kisha ikayaweka mahitaji ya mazingira katika daraja la pili, mbele ya viwanda na umwagiliaji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikafuata njia hiyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mabonde yana bodi zake: Bonde la Kati lina makao yake hapa mjini Singida, na Bonde la Rufiji lina makao yake Iringa, kiasi kwamba mkoa wetu una mguu mmoja katika kila bonde. Lakini kiasi cha maji kilichotengwa kwa mazingira, kikiandikwa kuwa ni mita kadha za ujazo kwa sekunde na hakuna zaidi, humtosheleza mhandisi na kumwacha kaa njiani. Mita zilezile za ujazo, zikija Septemba badala ya Aprili, zikija baridi na safi kutoka chini ya bwawa badala ya kuja zimebeba majani ya bonde, si maji yaleyale.

Basi napendekeza mambo manne, na yote yamo katika uwezo wa ofisi zilizopo. La kwanza ni kwamba kila kibali kikubwa cha maji katika bonde la Rufiji, na kila kanuni ya kuendesha bwawa, kieleze msimu pamoja na wingi: lini mafuriko yaachiwe yapite, na kwa muda gani, na chumvi ya mlango wa mto isishuke wala kupanda kupita kiasi gani katika miezi ambayo viluwiluwi vya kaa na vya kamba vinaingia mikokoni. La pili ni kwamba miezi hiyo ijulikane kwa uchunguzi wetu wenyewe. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar wana watu na maarifa, na kuwavua megalopa kwa nyavu nyembamba wakati wa maji kujaa usiku, mwezi baada ya mwezi, si kazi ya gharama ya kutisha. Biashara ya kaa wa matope, ambao siku hizi hunenepeshwa katika vizimba na kuuzwa wakiwa hai hadi ng'ambo, kwa kiasi kikubwa bado yategemea kaa wadogo waliokamatwa mikokoni. Na anayewekeza katika vizimba bila ya kujua watoto hao hufika lini na kwa nini, anajenga juu ya mchanga.

La tatu ni la jirani zaidi. Jumuiya za Watumia Maji za Kisigo na za Ruaha zikutane, walau mara moja kwa mwaka, na wavuvi na wakulima wa delta, wala si kwa hotuba za viongozi peke yake, bali kwa kuulizana: mwaka huu maji yalifika lini, yalikuwa na rangi gani, mlivua nini, mlipanda nini? Mfugaji wa Manyoni na mvuvi wa Salale wanaujua mto mmoja kutoka ncha zake mbili, na hakuna mtaalamu mwenye kumbukumbu ndefu kuliko yao. La nne ni kwamba shule za mkoa huu, zinapofundisha jiografia ya Singida, zisiishie kwenye maziwa ya Singidani na Kindai na heroe wake, ambayo ni fahari yetu ya haki, bali zimwonyeshe mtoto wa Manyoni kwamba korongo lililo nyuma ya shule yake, ambalo kwa miezi minane halina maji, ni mwanzo wa njia inayofika baharini.

Yako mambo ambayo taifa huyafanya kwa sababu yana faida ya haraka, na yako ambayo huyafanya kwa sababu bila yake faida za wengine hupotea bila ya mtu kujua zimepotelea wapi. Kaa asipogeuka hapigi kelele; mvuvi huona tu kwamba mtego wake umerudi mtupu, akasema kuwa mwaka huu ni mbaya, na mwaka wa pili akasema hivyohivyo, na wa tatu akaiacha kazi. Bodi ya maji inayotaka kuzuia jambo hilo isingoje wavuvi waanze kulalamika. Ianze kwa kuandika katika kibali kijacho cha maji, chini ya mstari wa wingi, mstari wa pili wa msimu, na wananchi wa Singida, ambao sehemu ya mvua yao imo katika hesabu hiyo, wana haki ya kuuliza kama mstari huo umeandikwa.